Ndege ya Diani hupita juu ya keja zetu

Kawangware ninakokaa, kinachokuamsha asubuhi ni makanga wa 46 akiita watu wa tao. Ukilala kwa mtu Laini Saba, Kibera, ni ndege. Zinapita chini hadi unasoma herufi zilizoandikwa kwenye bawa, na aliye kwenye simu anasema "ngoja kidogo" bila kukueleza anangoja nini. Wikendi ndefu ikikaribia, ndiyo balaa kabisa. Halafu jioni unafungua Insta na kuona mchanga mweupe, madafu, miguu juu ya kiti cha ufuo. Diani. Lamu. Kumbe walikuwa ndio wale waliopita.

Uwanja wa Wilson uko hapo tu, ng'ambo ya pili. Mwenye ndege yake anapaa wakati anaotaka. Asiye nayo ila ana chapaa anakodi ndege nzima na mabeste zake, au ananunua tiketi ya ndege ndogo za abiria. Karibu saa moja hivi baadaye anakanyaga Ukunda au kisiwa cha Manda, kisha boti inamvusha hadi Lamu. Sisi wengine tuna SGR, ambayo tangu Januari 2024 ni 1,500 badala ya 1,000, halafu feri Likoni, halafu matatu.

Sina wivu nao (sawa, kidogo). Ufuo mtulivu unahitaji wageni, na vijana wengi wa Kwale na Lamu wanakula kwa sababu ndege hizo zinatua. Hata huku mkate unafika: muulize mama fua yeyote wa Kawangware anayevuka kwenda Lavington kutafuta kibarua. Anajua siku ya safari kabla ya rubani, maana ndiye anayepiga pasi nguo za ufuo. Swali langu ni la hapo katikati, kati ya pasi na ufuo. Nani amewahi kumweleza mkaaji wa Kibera kinachopita juu yake, kwa kimo gani, na kikianguka itakuwaje?

Machi 5, 2024, ndege ya Safarilink ilipaa kutoka Wilson ikielekea Diani na watu 44. Punde tu ikagongana na Cessna 172 ya mafunzo. Ile kubwa ilirudi salama. Waliokuwa kwenye Cessna, wawili, walifariki, na mabaki yakaanguka ndani ya Mbuga ya Nairobi. Tulisema pole, tukasonga. Lakini itazame ramani. Mbuga iko upande wa kusini wa Wilson. Upande wa kaskazini magharibi, njia moja ya kurukia ikielekea moja kwa moja huko, kuna Highrise, Laini Saba, Silanga. Siku hiyo vyuma viliangukia nyasi.

Si kila mara vinaangukia nyasi. Januari 10, 2025, ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, ikaua watu watatu waliokuwa chini, kwenye shughuli zao. Agosti 7 mwaka huohuo ndege ya AMREF iliyotoka Wilson ikielekea Hargeisa iliangukia nyumba Mwihoko, Kiambu. Kati ya waliokufa, wawili walikuwa chini. Hao hawakuwa na tiketi, wala hakuna aliyewaonyesha mlango wa dharura uko wapi.

Najua jibu linakuja: nani aliwaambia mjenge karibu na uwanja? Sawa, tuongee historia. Wanajeshi Wanubi walipewa makao Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege 1929. Uwanja ndio uliowakuta watu. Na mwaka 2017 serikali yenyewe iliwapa Wanubi hatimiliki ya ekari 288. Sasa mvamizi ni nani hapo?

Tena tumeshaona serikali ikikumbuka usalama wa anga, inaanza na nani. Kulikuwa na kijiji kinaitwa Mitumba, karibu na Wilson upande wa South C, watu zaidi ya elfu 15. Septemba 2011 wakasoma kwenye gazeti kwamba wana siku saba kuondoka. Sababu mojawapo iliyotolewa: wako chini ya njia ya ndege. Walikimbia mahakamani, wakapata agizo la kuzuia ubomoaji. Novemba nyumba zikabomolewa hata hivyo. Mahakama Kuu ikawapa ushindi 2013, ya Rufaa ikaupangua 2016, na Januari 11, 2021, Mahakama ya Juu ikasema watu wasio na ardhi wakijenga makao kwenye ardhi ya umma wanapata haki ya makao inayofaa kulindwa. Kisha faili ikarudishwa Mahakama Kuu kuamua walipwe vipi. Hesabu: miaka tisa na zaidi tangu tingatinga lifike, ndipo ukaambiwa ulikuwa na haki. Aliyekuwa darasa la kwanza siku hiyo alishafika sekondari.

Halafu kuna kitu kisichopiga kelele. Ndege nyingi ndogo za injini ya pistoni, zile Cessna za mafunzo na za watu binafsi, hutumia avgas, mafuta ambayo kwa kawaida yana madini ya risasi. Niwe mkweli: zile kubwa kidogo zinazobeba abiria kwenda Diani, kama Caravan na Dash 8, zinatumia mafuta mengine yasiyo na risasi. Kwa magari Kenya iliacha petroli ya risasi 2006, na Agosti 2021 UNEP, kutoka hapa Gigiri, ilitangaza kwamba imekwisha duniani kote barabarani. Angani bado ipo. Oktoba 2023 shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliamua rasmi kwamba moshi huo wa risasi unahatarisha afya ya umma. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na tunalijua hilo kutoka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaumiza watu wakapigania fidia hadi Mahakama ya Juu.

Kwa hivyo KCAA na kaunti wana kazi mbili ambazo hazihitaji bajeti ya bwawa. Ramani ya njia za ndege, kwa Kiswahili, ibandikwe kwa chifu na kwenye zahanati, pamoja na namba ya kupiga ndege ikianguka. Na watoto wa Silanga na Laini Saba wapimwe damu. Matokeo yakiwa safi, tutashukuru na kuendelea kulalamikia kelele tu. Mafunzo nayo yanaweza kupelekwa viwanja visivyo na mtaa chini yake. Mwanafunzi anayejifunza kugeuza Cessna hana sababu ya kujifunzia juu ya paa la mama watoto.

Jumapili jioni zinarudi. Mathree ya namba 8 imekwama Kibera Drive, watu wote wanainua macho kwa sekunde moja, halafu kila mtu anarudi kwenye simu yake.