Jaji wa Rufaa Naye Ana Haki ya Rufaa

Ni nani hapa Katuba, Lubumbashi, asiyemjua mtu aliyepoteza lupango kortini? Mjane anagombana na ndugu za marehemu, au lupango moja lina karatasi mbili, kila moja na mhuri wake. Kesi inafika Tribinali Kuu, na mmoja anatoka ameshindwa. Tangu akabidhiwe hukumu, ana siku 30 za kukata rufaa. Akiziwahi, faili linapanda hadi Mahakama ya Rufaa ya Lubumbashi. Huko majaji watatu wanalipitia upya kwa Kifaransa, naye anamsubiri avoka amweleze kwa Kiswahili yaliyosemwa.

Toleo hili linawahusu majaji hao watatu. Wapo watakaouliza kwa nini tuwape kurasa, maana mtaani korti husemwa kwa bahasha zake tu. Kuhusu bahasha sibishi. Ninachobisha ni dawa tunayoletewa: kuwafukuza majaji kwa mkupuo.

Tarehe 6 Novemba 1998, Rais Laurent-Désiré Kabila aliwafukuza mahakimu 315 kwa amri moja. Walidaiwa kuwa wala rushwa, watoro, watu wasio na maadili. Hawakuitwa kujieleza. Rais wa Mahakama Kuu ya nchi, ambako wangepaswa kudai haki yao, aliunga mkono hadharani kufukuzwa kwao kabla kesi haijasikilizwa! Ndipo 68 kati yao wakapeleka malalamiko kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na Julai 2003 Kamati ikaamua kwamba Kongo ilivunja haki zao. Huenda wala rushwa walikuwamo. Hatutajua kamwe, kwa sababu wote walifagiwa pamoja, mwema na mwovu.

Katiba ya 2006 ilikuja na ibara ya 150: jaji anatii sheria peke yake, wala hahamishwi ovyo. Maneno mazuri. Lakini Juni 2016, hapo Kamalondo kwa jirani zetu, aliyekuwa gavana wa Katanga, Moïse Katumbi, alihukumiwa miaka 3 katika kesi ya nyumba. Mwezi uliofuata Chantal Ramazani, rais wa tribinali iliyotoa hukumu hiyo, aliandika barua kwamba alishurutishwa, naye akakimbilia nje ya nchi.

Kama mambo ni hayo kwa gavana, je, mjane wetu ambaye mshindani wake ana rafiki Kinshasa? Tumaini lake liko kwa majaji wa rufaa wanaoweza kumwambia mkubwa "umeshindwa", na kesho yake wakarudi kazini.

Jaji mla rushwa ashitakiwe, asikilizwe, na akipatikana na hatia aende zake. Lakini siku mtakaposikia tena kwamba wamefukuzwa kwa mkupuo, msipige vigelegele kabla hamjauliza ni nani aliyewasikiliza.