Mizani Tuliyojichagulia

Mshairi halazimishwi bahari. Akipenda atunge utenzi wa mizani 8 kwa mshororo, akipenda atunge shairi la mizani 16. Hapana wa kumshika mkono. Lakini akishatia ubeti wa mwanzo, vina vyake vimeshakuwa hakimu wake.

Nchi yetu nayo ilijichagulia mizani. Tarehe 20 Novemba 2009, mjini Arusha, chini ya Mlima Meru, wakuu wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi walitia saini Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Humo zimo ahadi za bidhaa, watu, huduma na mitaji kuvuka mipaka, na haki ya mwananchi wa nchi moja kujiajiri katika nchi nyengine, kwa ratiba zilizokubaliwa.

Wala hatukutia saini usingizini. Katika suala la ardhi Tanzania ilikataa katakata, na Itifaki ikaliacha jambo hilo kwa sheria za kila nchi. Kumbe kusema “hapana” tulikujua! Basi pale tuliposema “ndiyo”, ndiyo hiyo ni deni.

Tumelilipaje? Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto kwa hofu ya maradhi, huko Namanga, kilomita kama 110 tu kutoka makao makuu ya Jumuiya. Mwezi Julai 2025 ikatoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15: kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, hata kununua mazao shambani. Ilipotangazwa, haikumtenga jirani wa Jumuiya na tajiri wa bara la mbali. Wote ni “wasio raia”.

Watetezi wa amri hiyo wana hoja, na si haki kuibeza. Mchuuzi wa Kariakoo anayeshindana na mgeni mwenye mtaji mnene anastahiki kulindwa. Lakini mkulima wa miteremko ya Meru naye analindwa na nani? Mnunuzi akizuiwa kumfuata shambani, wanunuzi hupungua, na wakipungua, bei huanguka. Amri iliyokusudiwa kumkinga mnyonge mmoja imempiga mnyonge mwengine.

Yuko atakayesema kwamba majirani nao wamevunja. Ni kweli: mwezi Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Lakini tangu lini kosa la vina la mshairi mmoja likawa ruhusa kwa mwenziwe?

Wala sisi wa visiwani tusidhani hayatuhusu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki makao yake ni hapa Zanzibar. Na lugha hii tunayojivunia haikufika maziwa makuu kwa amri ya serikali. Ilichukuliwa na wachuuzi na wapagazi, watu wale wale ambao leo tunawaulizia leseni.

Kama ahadi ya mwaka 2009 imetulemea, njia ya Arusha inajulikana: twende tukaseme mbele ya wenzetu, ibadilishwe kwa kalamu ile ile iliyoiandika. La sivyo, tuitimize. Kuikariri ukumbini na kuivunja mpakani si siasa ya busara; ni uongo.