Sumu ya mahindi haianzii mpakani

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha asili pamoja na cheti cha kuthibitisha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Hofu ilikuwa na msingi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Lakini chanzo kiko mbali na mpaka. Mahindi yasipokauka vizuri huota kuvu, na kuvu huacha sumu isiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5.

Mkulima anajua alianika siku ngapi, mwenye ghala anajua unyevu, maabara inajua sumu, forodha inajua idadi ya magunia. Taarifa hizo zisipounganishwa, shehena mbaya haitambuliki, na adhabu huangukia nchi nzima.

Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza 2014, iliunganisha taratibu za forodha. Sasa inahitajika namba moja ya shehena kutoka ghalani hadi forodhani. Wakati tunaisubiri, mfanyabiashara apime unyevu kabla ya kulipa, asichanganye mahindi ya maghala tofauti, na aandike kila mzigo umetoka wapi. Daftari hilo ndilo litakalomtetea mzigo ukizuiwa.