Nili ya Champaran na Milima ya Lubero

Aghalabu tarikhi ya utaifa wa Kongo husimuliwa kwa kuanzia mjini, tena kwa kuanzia na karatasi: kadi ya sifa ya uraia iliyotolewa na Wabelgiji tangu mwaka 1948, kisha hati ya usajili ya 1952, ambayo mwombaji hakuipata mpaka wakaguzi wamekwisha kuingia nyumbani mwake, wakatazama uma na vijiko mezani, shuka kitandani na choo uani, ndipo wakaamua kama mtu huyo amestaarabika kiasi cha kuhukumiwa kwa sheria ya Wazungu. Patrice Lumumba, karani wa posta wa Stanleyville, alinyimwa mara ya kwanza, akaja kupewa mwaka 1954. Basi husemwa kwamba fedheha hiyo ndiyo iliyozaa siasa. Si uongo, lakini ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki, ile ya shambani, sisi wa milima ya Lubero, huku Kivu, tunaijua kuliko wengi.

Bara Hindi lilitutangulia katika jambo hili. Chama cha Congress kilipokutana Bombay Desemba 1885, wengi katika wajumbe wake 72 walikuwa mawakili na waandishi, watu waliosomeshwa Kiingereza chini ya dola ya Waingereza, nao waliomba kwa adabu nafasi katika mabaraza na kazi za serikali, wakaomba tena, miaka nenda miaka rudi. Kugawanywa kwa Bengal mwaka 1905 kulitia moto mijini. Lakini mkulima aliingia hasa mwaka 1917, huko Champaran, alikokuwa akilazimishwa kupanda nili katika sehemu tatu za kila ishirini za shamba lake, Gandhi alipokwenda kukaa huko na kuandika shahada za wakulima, mmoja baada ya mwingine, kwa maelfu.

Nani katika Kasugho, huku milimani kwetu, asiyeitambua nili hiyo, ijapokuwa hapa ilikuwa na majina mengine? Amri ya 1933 ilimtaka mwanakijiji atoe hadi siku 60 kila mwaka kwa kilimo alichochaguliwa, na wakati wa vita zikafanywa 120, na asiyetimiza aliijua njia ya jela. Juu ya hayo, Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyoundwa 1928, iligawa ardhi kwa walowezi. Na Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa 1925, ilipanuliwa hata ikafika mbuga za Ziwa Edward, ikamgeuza mwindaji kuwa mwizi katika pori la babu zake. Hapana aliyekuja kumhesabia mtu huyu vijiko. Wala hakuhitaji hati yoyote ili ajue kwamba amedhulumiwa.

Kwa hiyo chama cha CEREA kilipozaliwa Bukavu mwaka 1958, Anicet Kashamura akiwa miongoni mwa viongozi wake, wasomi wale waliyakuta madai ya ardhi yamekwisha kukomaa vijijini, na Mei 1960 chama kikapata viti 10 katika 137 vya baraza la wawakilishi. Sisemi makarani hawakuwa na kazi: pasipo kalamu zao malalamiko yangalibaki kyaghanda, penye moto wa wazee, kama yanavyobaki mengi hata leo. Ila kalamu haikuyazaa.

Toleo hili, basi, limeanzia shambani; wakaguzi wa vijiko tumewawekea kurasa za nyuma.