Mtoto wa Ukoo Hadi Siku ya Kikao

Neno kuasili likitajwa tu kati ya wasomi wenzangu, lazima atokee mmoja wa kusema: "Sisi Waafrika hatuhitaji karatasi, mtoto ni wa ukoo." Husemwa kwa fahari, na mara nyingi msemaji ni mtu ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina majina ya wazazi wote wawili. Maneno hayo nimeyachoka. Nayajibu kutoka Usangi, huku kwetu Upareni, ambako nimeyasikia yakisifiwa na pia nimeyaona yakimtoa mtu nyumbani.

Usangi haina uhaba wa walezi. Pita Kighare au Chomvu utakuta bibi na wajukuu watano, au mama mdogo na mtoto wa dada aliyeshuka Dar akanyamaza. Wanalea, tena vizuri. Ninachouliza mimi ni nani anakubaliwa kuwa mzazi. Hapo ukoo una masharti yake yasiyoandikwa popote: uwe na ndoa, uwe umehangaika kutafuta mtoto ukakosa, na huyo unayemchukua awe wa damu yenu, ikiwezekana ya upande wa baba. Mwanamke asiyeolewa akichukua mtoto wa watu, anaambiwa anajitafutia kampani.

Sasa soma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Anayeomba kuasili awe na umri wa angalau miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21. Akiwa ndugu wa mtoto, miaka 21 inatosha. Asiye na mwenza anaweza kuomba peke yake, mradi awe raia wa Tanzania. Asiye raia lazima awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Yapo masharti mengine: ridhaa ya wazazi wanaojulikana, taarifa ya afisa ustawi wa jamii, muda wa kumlea mtoto kwanza. Lakini hakuna mahali inapokuuliza kwa nini hujaolewa. Sheria tunayoibeza kuwa ni ya kizungu ina mlango mpana kuliko wa baraza la wazee wetu.

Jirani yetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, hakuwahi kuolewa. Alimlea binti asiye ndugu yake tangu akiwa hajaota meno. Kijiji kizima kilimwita Mama Fulani kwa jina la yule binti, na hakuna aliyedai karatasi. Mwalimu alipofariki, binti alikuwa kidato cha pili. Siku ya tatu baada ya maziko ukoo ukakaa. Mjadala haukuwa mrefu. Shamba la migomba lilirudi kwa kaka wa marehemu, nyumba ikapata msimamizi, na binti akapewa godoro, masufuria mawili na nauli. Mzee mmoja alisema kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionitisha: "Mwanangu, tunakupenda, lakini wewe si wa hapa."

Mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama anahesabiwa kisheria kama aliyezaliwa ndani ya ndoa ya mzazi aliyemwasili. Kile kikao kisingekuwa na la kujadili.

Najua nitakachoambiwa, maana Usangi ni ya Waislamu wengi: Uislamu hauruhusu kubadili nasaba. Ni kweli, Sura ya Al-Ahzab inaagiza watoto waitwe kwa baba zao. Lakini Mtume mwenyewe alilelewa na babu, kisha na ami yake, na sheria hiyo hiyo ya dini inakuruhusu kumwusia asiye mrithi wako hadi theluthi ya mali. Ni wangapi kati ya wanaotaja nasaba wameandika huo wasia? Tunaikumbuka aya inayofunga mlango, na theluthi tunaiacha msikitini.

Watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunacheka, na tunaukubali utani. Basi kwa nini kwa kuku tunajua njia ya mahakamani, na kwa mtoto tunasema ni mambo ya nyumbani? Ni kweli njia ni ndefu. Kumwasili asiye ndugu kunakupeleka Mahakama Kuu, na kutoka Usangi hiyo ni Moshi: unashuka mlima hadi Mwanga, unaunga gari, unalipa wakili. Serikali inayotaka watoto waasiliwe ingewasogezea walezi huduma hii karibu, na hilo nitalidai popote. Lakini wasia hauhitaji Moshi. Unahitaji karatasi na mashahidi, na RITA wanautunza. Umbali hauelezi kwa nini hata huo hatuandiki. Tusichotaka ni kutamka mbele ya ukoo kwamba mtoto huyu ana fungu.

Mama yangu mdogo anamlea mtoto wa marehemu dada yao, mwaka wa tisa huu. Likizo hii tunashuka Mwanga kwa afisa ustawi, sote watatu. Mtoto naye aje, kwa sababu ana akili zake na anapaswa kuulizwa. Wajomba wameshapiga simu kuuliza haraka ya nini.