Kibarua Si Aibu kwa Mwalimu

Tangu mwaka 1998, Serikali ya Kenya iliposimamisha ajira ya moja kwa moja kwa walimu wapya, cheti pekee hakimfikishi mtu darasani. Hapa Bondeni, Mombasa, mhitimu akionekana akikaanga viazi karai au akibeba mizigo Marikiti, watu humcheka. Amekosa nini? Wahenga walinena: kazi mbi si mchezo mwema.

Hata hivyo, kibarua kisichomwachia mtu saa ya kuandika barua za maombi, wala jioni ya kuwasomesha watoto wa jirani, humla mwalimu akabaki mchukuzi. Basi, walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi wetu kuchagua kibarua kwa busara, wala wasikionee haya.