Usingizi wa shofere ni sehemu ya kazi



Kila siku makamio yanatoka Kolwezi, Fungurume na Likasi yakiwa yamejaa shaba na kobalti. Yanapita Lubumbashi, yanafika Kasumbalesa, na toka pale yanashika njia ndefu ya Zambia kwenda bandari za Dar es Salaam na Durban. Mengine yanarudi na asidi na mafuta kwa ajili ya viwanda. Watu wote wanasema habari za shaba: bei yake, tani zake, ushuru wake. Leo tunataka kusema habari za mtu anayeshika usukani, na hasa habari za usingizi wake.

Wengine watacheka. Watauliza: je, gazeti la chama cha uhuru limekosa maneno hata liandike habari za kulala? Hatukukosa. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, tulisema kwamba mtu wa Kongo hatakuwa tena punda wa mtu mwingine. Basi, tazameni. Punda akichoka husimama, wala fimbo haimwendeshi. Shofere wetu akichoka anaambiwa aendelee, naye anaendelea, kwa sababu ana watoto.

Sisi tunaoandika haya, wengine wetu ni makarani wa migodi. Kazi yetu ni kukaa dirishani pa mizani na kuandika katika kitabu: namba ya gari, uzito wa mzigo, namba za sili, jina la shofere, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Siku moja shofere mmoja alilala mbele yetu akiwa amesimama, kalamu mkononi, kabla ya kutia sahihi yake. Tulimgusa bega, akaamka, akaomba radhi, akaandika jina lake. Nyuma yake mstari ulikuwa mrefu na wenzake walikuwa wanapiga honi. Tukagonga muhuri, akatoka na tani zaidi ya 30 nyuma ya mgongo wake. Alifika. Safari ile alifika. Lakini tangu siku ile tunajiuliza: tuligonga muhuri juu ya karatasi gani? Kitabu chetu kina mstari wa kila kitu, ila hakina mstari wa kuuliza mtu huyu amelala lini.

Tuseme wazi namna uchovu huu unavyotengenezwa, maana hauanguki toka mbinguni. Shofere wengi wanalipwa kwa safari, si kwa mwezi. Asiyezunguka hali. Akifika mgodini anangoja kupakia, pengine mchana wote. Akifika karibu na Kasumbalesa anakuta mstari wa makamio ambao siku nyingine unapita kilomita nyingi, na watu wa duane wana karatasi zao. Bwana mkubwa akiulizwa anasema: «Siku mbili hizo alikuwa amesimama tu, basi alipumzika.» Huo si ukweli. Mtu aliye katika mstari anasogeza gari mita 20, anazima, anangoja, anasogeza tena. Usiku analinda mzigo na mafuta, maana wezi wanapanda juu ya makamio. Mtu anayelinda hawezi kulala. Halafu mpaka ukifunguka anaambiwa: «Umechelewa, kimbia!» Hapo ndipo hatari inapoanza.

Mchoko wa usingizi si neno la moyo dhaifu. Ni neno la mwili, na wataalamu wameupima. Mwaka 1997 uchunguzi uliofanywa Australia ulionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye pombe katika damu, na akikesha saa 24 ni vibaya zaidi. Shofere mlevi anakamatwa na polisi. Shofere aliyekesha anasifiwa kwamba ni hodari. Haki iko wapi hapo?

Tupige hesabu pamoja. Kamio linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapita zaidi ya mita 16 katika sekunde moja. Macho yakifumba sekunde 4 tu, gari limekwenda mita zaidi ya 60 bila mtu. Katika mita 60 za njia yetu kuna mama mwenye makala, kuna watoto wa shule, kuna kijana na kinga yake ya mahindi. Na saa mbaya kabisa ni zile za usiku wa manane mpaka mapambazuko, na tena mchana baada ya chakula. Mwili wenyewe unadai deni lake. Kahawa, maji ya baridi usoni, muziki wa nguvu, hivyo vyote vinaficha deni, havililipi.

Mwezi wa Februari 2019, katika njia ya Lubumbashi na Kolwezi, kamio la asidi liligongana na magari mengine, na watu zaidi ya 15 wakafa. Hatusemi kwamba shofere alilala. Hayo ni ya wahakimu. Tunasema kwamba njia inayopitisha asidi katikati ya vijiji haistahili kupewa mtu ambaye hakuna aliyehesabu saa zake.

Watu wa makampani wanajibu kwamba siku hizi wameweka mashine ndani ya kabini, zinazotazama macho ya shofere na kulia kengele akisinzia. Ni vema. Lakini kengele inamwamsha mtu, haimpi usingizi. Na kama kila kengele inakatwa mshahara, mashofere watatafuta namna ya kuiziba.

Sheria hazikosekani. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inaweka saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unasema kwamba shofere asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, na kwa kawaida apewe saa 10 za mapumziko zisizokatwa katika kila siku na usiku wake. Karatasi zipo. Kinachokosa ni mtu wa kuhesabu.

Kwa hiyo tunadai haya. Kwanza, shofere alipwe mshahara wa mwezi, na pesa ya safari isiwe mjeledi. Pili, saa za mstarini na za kupakia zihesabiwe kuwa kazi. Tatu, kati ya Kolwezi na mpaka pawe na mahali pa kusimamisha makamio penye ulinzi, maji na choo, ili mtu afumbe macho yote mawili. Nne, shofere anayesema «nimechoka» asikatwe pesa wala asifukuzwe. Tano, mgodi usiseme kwamba gari ni la mwenye gari. Mzigo ni wa mgodi, na anayetuma mzigo atume pia saa za kutosha.

Kwenu mashofere, tuna neno pia. Mkipewa saa za kulala, laleni. Msizipeleke kwenye baa, wala msichukue mzigo wa siri wa tajiri mwingine. Na ninyi mama wa nyumbani, mume akirudi toka njiani, wageni wangoje, redio izimwe, watoto wacheze mbali. Kumlinda usingizini ni kumlinda njiani. Wenzetu wa Tanzania na Zambia wanaongoja katika mstari ule ule ni ndugu wa kazi moja. Maneno haya ni yao pia.

Mwisho tunarudi kwetu sisi wenyewe, makarani. Tusingoje Kinshasa. Tuchore mstari mmoja zaidi katika kitabu cha mlangoni: «Amelala saa ngapi?» Tuulize kwa heshima, tuandike jibu kwa ukweli, na kama jibu ni baya tupeleke kitabu kwa mkubwa kabla ya kugonga muhuri. Atakasirika. Akasirike. Taifa letu limeandika maneno matatu: Haki, Amani, Kazi. Haki ndiyo iliyotangulia.